Tufaha Ndani ya Mfuko wa Gauni

"We kaka! Unamwagia nani maji?"

Ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, kwenye ngazi za jengo la maduka ya vitambaa, na siku hiyo hapakuwa na pa kuweka hata kidole. Aliyepiga kelele ni fundi cherehani mmoja, gauni la kijani limemkaa sawasawa, kilemba cha njano, kifuani amekumbatia mita nane za hariri nyeupe alizotoka kununua. Hariri ilikuwa inachuruzika. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu, bisibisi imechomoza mfukoni, mikononi ameshika chungu chenye mmea wa ajabu: majani marefu yaliyopangana kama faneli, na katikati mekundu kama yamepakwa rangi ya mdomo.

"Samahani dada yangu. Si mimi, ni hili. Linaweka maji katikati ya majani. Nimeinama kidogo tu, likatapika."

"Ua linakunywa likatapika? Hilo ua au mlevi?"

Watu ngazini wakacheka. Yule bwana naye akacheka, jambo lililomuudhi fundi zaidi.

"Linaitwa bromelia. Ndugu yake nanasi."

"Na mimi ndugu yangu malkia. Hariri ya bibi harusi hii!"

"Maji yenyewe ya mvua, hayaachi doa. Nipe namba yako. Likitokea doa, nipigie unitukane mpaka uridhike."

Fundi akampa, kwa nia ya kutukana kabisa. Jioni akaianika ile hariri, akaikagua sentimita kwa sentimita. Doa hakuna. Akapiga hata hivyo.

"Haloo. Nimepiga kukutukana."

"Doa limetokea?"

"Halijatokea. Ndiyo kinachoniudhi."

Basi ndivyo walivyoanza. Yule dada akamwita bwana huyo Barafu, kwa kuwa bwana alikuwa fundi friji na viganja vyake havikuwahi kupata joto. Barafu naye akamwita Pini, kwa kuwa hata akizungumza mapenzi alikuwa na pini mbili tatu midomoni.

Mara ya kwanza Pini alipopelekwa kuiona bustani ya Barafu, alisimama mlangoni mdomo wazi, pini zikaanguka. Uani palikuwa padogo, lakini ukuta mzima ulijaa. Barafu alikuwa amezing'oa rafu za waya kwenye friji zilizokufa, akazipigilia ukutani, na kila rafu ilibeba bromelia zake: zambarau, zenye mistari ya waridi, zenye madoadoa kama zimerushiwa wino. Kwenye kisiki kikavu amefungia nyingine kwa uzi, bila udongo hata chembe. Kila asubuhi alipita na birika, akimwaga maji ya zamani yasizae mbu na kutia mapya.

"Na hili maskini?" Pini aliuliza, akionyesha moja la kijani tupu pembeni. "Limekosa nini?"

"Halijakosa kitu. Bado halijachanua. Siku likichanua, utaona mkuki mwekundu unatoka hapo katikati. Huchanua mara moja tu maisha yake yote. Likimaliza linaacha machipukizi, lenyewe linajiendea taratibu."

"Mara moja tu? Choyo hiyo."

"Si choyo, Pini wangu. Halina mzaha, ndiyo maana."

Pini akalipenda hilo kuliko yote. Barafu akaona, akaliweka moyoni.

Sasa kabla hatujafika mbali, niwaambie jambo moja, maana msipolijua mtamwona Pini mwendawazimu. Miaka mitatu nyuma alikuwa na mchumba. Katika siku hizo akamshonea binti mmoja gauni la harusi, wakazoeana, wakaambiana siri. Siku ya kujaribu gauni, bwana harusi akaja kumchukua yule binti. Mlango ukafunguliwa, na Pini, akiwa amepiga magoti akipinda upindo, akainua uso akamwona mchumba wake mwenyewe. Alimaliza kuupinda ule upindo. Toka siku hiyo aliapa hatashona gauni lake mwenyewe, na mwanamume akikohoa tu, yeye anauliza kikohozi kimetoka wapi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi simlaumu.

Mambo yakaanza na tufaha. Barafu hali matufaha. Yanamwasha midomo mpaka inavimba, Pini aliwahi kuiona kwa macho yake. Lakini Jumanne moja, akipita kwenye meza ya muuza matunda wa pale kona, yule mama akamwita.

"Dada, bwana wako siku hizi mteja wangu. Jana kachukua tufaha moja. Moja tu! Tena kachagua lililoiva likaelekea kuharibika. Namuuliza, la nani hili? Anacheka, anasema la bibi harusi."

"Bibi harusi gani?"

"Mimi nauza matunda, mama. Sikuuliza mengine."

Pini akaenda zake, lakini tufaha likabaki kooni. Alhamisi akampigia Barafu saa nne asubuhi.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kazini, roho yangu. Niko ndani ya chumba cha baridi cha hoteli, meno yanagongana."

Hapo hapo jogoo akawika. Pini alimjua jogoo yule, wa jirani yake Barafu, asiyejua asubuhi wala mchana.

"Hoteli gani inafuga jogoo chumba cha baridi?"

"Ah, yaani... nimepitia nyumbani mara moja, nimesahau koleo."

"Nimekusikia," Pini alisema, akakata.

Kule kwenye karakana ya ushonaji, mwenzake mpiga pasi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini na masikio marefu, akaweka pasi yake pembeni.

"Shoga, mimi simsemi mtu. Ila juzi alipokuja kututengenezea feni, ile mifuko mirefu ya nailoni ya kufunikia magauni ya harusi ilikuwa sita. Sasa iko mitano."

"Umehesabu vibaya."

"Hesabu mwenyewe."

Pini akahesabu mara tatu, na mara zote tatu ikawa mitano. Tufaha la bibi harusi, uongo wa hoteli, mfuko wa gauni. Akahisi magoti yanamwambia piga tena, upindo bado haujaisha.

Jumapili alasiri akavaa gauni lake jekundu la kwenda kugombana, akaenda bila kupiga simu. Barafu alifungua lango nusu.

"Pini! Leo? Ungeniambia..."

"Nikuambie ili umfiche?"

"Nimfiche nani? Ingia, kaa sebuleni. Ila uani usiende leo, nakuomba."

Mngemwambia Pini moto unawaka uani, asingekwenda. Kumwambia asiende, alikwenda mbio. Nyuma ya pazia la baraza, umening'inia kwenye msumari mfuko wake mwenyewe wa nailoni nyeupe, zipu imefungwa mpaka juu, na ndani kitu kimejaa, kimetanuka chini kama sketi yenye marinda.

"Gauni la nani?"

"Pini, usifungue. Tafadhali! Siku nne tu zimebaki."

"Harusi siku nne zimebaki?"

Zipu ikashuka kwa mkupuo mmoja. Ikatoka harufu nzito ya tufaha lililoiva, halafu tufaha lenyewe likabiringika sakafuni, limekwisha kuwa na upande wa kahawia. Na ndani ya mfuko, juu ya kiti kidogo, lilikaa lile bromelia la kijani tupu, limetulia kama mtu aliyefumaniwa.

Pini akaangalia tufaha, akaangalia ua, akamwangalia Barafu.

"Nini hiki?"

Barafu akakaa kwenye ngazi ya baraza. "Ukilifungia bromelia pamoja na tufaha lililoiva, siku kumi, ile pumzi ya tufaha inaliamsha lichanue. Baada ya wiki kadhaa linatoa mkuki. Nilitaka lichanue nikuletee siku hiyo. Nina jambo la kukuuliza. Leo ilikuwa siku ya sita."

"Tufaha linachanusha ua?"

"Ndiyo."

"Barafu, hata uongo una adabu yake! Wenzio wakikamatwa wanasema ni binamu, wanasema ni mteja. Wewe unaniambia tufaha limepumua?"

"Ndiyo ukweli wenyewe."

"Na mbona ulinidanganya uko hotelini?"

"Kwa hilo nimekosa. Nilikuwa nabadilisha tufaha, sikutaka ujue. Nisamehe."

Nusu ya Pini ilitaka kumwamini, ikaona aibu kwa kutaka. "Sawa. Nalichukua. Likichanua, nitakuamini."

"Na lisipochanua? Umelifungua kabla ya siku zake."

"Basi nitajua."

Barafu akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuwa na utani usoni. "Lichukue, lilikuwa lako toka mwanzo. Lakini sitaki kuaminiwa kwa sababu ya ua, Pini. Kama kila ninachofunga utakifungua, tutaishi vipi? Rudi siku utakayoniamini mimi. Likiwa limechanua, likiwa limekauka, mimi sijali."

Akaondoka nalo, maji yakimchuruzikia kifuani njia nzima.

Wiki zikapita. Simu hakuna, si kwa huyu si kwa yule. Pini aliliweka ua dirishani pa karakana na kulilinda kama askari. Asubuhi anachungulia, mchana anachungulia, mpiga pasi akitoka naye anachungulia. Wiki ya tatu, kijani. Wiki ya tano, kijani kile kile.

"Si nilikwambia?" mpiga pasi alisema. "Tufaha! Angekwambia ndizi ungekubali?"

"Ulinihesabia mifuko, sasa nihesabie vifungo. Nyamaza kidogo."

Kwa kweli alikuwa anaumia. Alimkumbuka Barafu akimbandika viganja vyake baridi shingoni na kukimbia. Alikumbuka jinsi alivyosema nimekosa bila kupindisha. Yule wa zamani hakuwahi kusema neno hilo, hata siku ile ya upindo. Wiki ya sita akaacha kuchungulia. Akawa analitia maji ya mvua asubuhi, akiangalia pembeni, kisha anarudi kwenye cherehani yake.

Wiki ya saba, Jumamosi, akajikuta amesimama mbele ya muuza matunda.

"Nipe tufaha moja. Lililoiva sana."

Yule mama akaangua kicheko. "Kumbe ugonjwa wenu mmoja! Na wewe la bibi harusi?"

"Nataka kulifungia ua, lichanue."

Alisema hivyo kwa sauti, katikati ya watu, akajisikia. Akabaki ameshika tufaha mkononi. Mtu hanunui tufaha akalifungia ua kama haamini kwamba tufaha linachanusha ua. Sasa lini aliamini? Hakumbuki. Pengine palepale barazani, ila hasira ilikuwa imewahi kiti.

Hakurudi karakana ila kulichukua ua. Alipogonga lango la Barafu alikuwa na nguo ya kazini, nyuzi zimemganda kwenye nywele, futi ya kupimia ingali shingoni.

Barafu akafungua lango, lote.

"Halijachanua," Pini alisema haraka, kabla ujasiri haujamtoroka. "Nimekuja hivyo hivyo. Nilikukosea. Nilikufungulia kitu chako kwa sababu ya kosa la mtu mwingine. Na nimenunua tufaha, nifundishe kulifunga vizuri. Nikilifunga sitalifungua mpaka useme."

Barafu alilipokea ua kwa mikono miwili, safari hii bila kumwaga maji, akainamisha kichwa akatazama ndani kabisa, kule maji yalikokaa.

"Pini, toka lini hujachungulia humu?"

"Wiki nzima. Nimechoka kuchungulia."

"Halihitaji tufaha." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Chini huku limeanza kuwa jekundu. Mkuki unakuja. Njoo uone."

Pini akapiga hatua moja, akasimama. Akaweka mikono nyuma.

"Sitazami," alisema. "Umesema jekundu?"

"Jekundu."

"Basi jekundu. Nakuamini."

Barafu akaliweka ua chini taratibu, akajifuta viganja kwenye ovaroli mara mbili, akamshika mikono. Vilikuwa baridi vile vile.

"Lile jambo nililotaka kukuuliza..."

"Uliza sasa. Ua litatukuta."

"Utakubali nikuoe?"

Jogoo wa jirani akawika, saa tisa alasiri. Wote wawili wakacheka mpaka machozi yakawatoka, na ya Pini hayakuwa ya kicheko peke yake. Akang'ata lile tufaha, akalitafuna polepole huku mwenzake akimsubiri roho juu.

"Barafu."

"Naam, Pini wangu."

"Ule mfuko wangu wa gauni, nirudishie. Nitauhitaji."