Mkaa wa Pipa la Uani

"Usinitolee macho. Wewe ndiye unayelijua hilo pipa, wewe ndiye uliyelifungua, na wewe ndiye utakayehama kabla jua halijazama."

Mama mwenye nyumba alikuwa akimwambia Fundi, yule kijana wa mabomba wa chumba cha mwisho, na wapangaji walishajaa milangoni, mmoja na mswaki mdomoni. Fundi alisema hajaiba kitu. Asubuhi ile, kama kila Jumamosi, alikinga maji ya pipa kwenye kichupa akatia matone ya dawa ya kupimia. Wekundu ukibaki, maji ni mazuri. Safari hii ukapauka ukawa manjano, maana yake floridi inapita. Kisima chao kilijaa floridi, ndiyo iliyowapa watoto wa mtaa meno ya rangi ya chai, na pipa liliwekwa ili liikamate. Akainua kifuniko. Mkaa wa mifupa, ule unaokamata floridi, ulikuwa umepungua, ukachanganywa na mkaa wa jikoni uliotwangwa.

Mama mwenye nyumba akashikilia kwamba ameuuza. Jirani wa mswaki akashauri maji yachemshwe, maneno yaishe. Fundi akamjibu kwa upole kwamba moto huua vijidudu tu. Maji yakipungua sufuriani, floridi inabaki palepale, tena inazidi ukali.

Hapo Redio akaweka chini kitana. Alikuwa msusi wa kibarazani, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna habari iliyopita mtaa ule bila kulipa ushuru kwake. Aliomba apewe muda mpaka chakula cha mchana.

"Mwizi gani anajishitaki?" aliuliza. "Floridi haina ladha wala harufu. Angenyamaza, nani angejua?"

Macho yakamgeukia muuza maji wa mkokoteni, aliyekosa wateja tangu pipa lije. Lakini Jumamosi iliyopita maji yalipimwa yakawa salama, na tangu Jumapili yake mpaka jana yeye alikuwa hospitali na mkewe aliyejifungua. Mtaa mzima ulikwenda kumwona mtoto. Mama mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyempakata wa kwanza. Muuza maji akaachwa aende zake, na pongezi juu.

Redio akachungulia pipani. Wavu uliofunika mkaa, Fundi alikuwa ameufunga kwa waya, kwa sababu skrubu zake ndogo kama ufuta ziliishinda bisibisi yake. Sasa waya haukuwapo. Skrubu zilikuwa zimekazwa zote, zimenyooka kama meno ya kitana.

"Fundi, hii kazi ni yako?"

"Ningekuwa na mkono huo, dada, ningekuwa hapa napakia godoro?"

Redio akakumbuka jambo. Jumanne mchana, mama mwenye nyumba akiwa sokoni, kinu kilidunda ndani kwake. Redio alinusa, akanusa tena, harufu ya mapishi isije. Akamwendea Babu Saa, mume wa mama mwenye nyumba, aliyeinama juu ya meza yake ya kutengenezea saa.

"Babu, Jumanne ulikuwa unatwanga nini?"

Mzee akatoa kioo chake jichoni. Akamtazama Fundi anavyofunga godoro kwa kamba.

"Mwambie kijana aliache hilo godoro," alisema. "Nifuateni."

Aliwapeleka mtaa wa pili, nyumbani kwa binti yao, yule aliyeolewa bila radhi ya mama yake. Mama mwenye nyumba aliapa tangu siku ile kwamba binti huyo hatachota hata kikombe kwenye pipa lake. Safari hii aliwafuata akiwa na maneno tayari mdomoni. Uani kulikuwa na pipa dogo, na ndani yake, chini ya wavu, mkaa wa mifupa.

"Ningebeba ndoo ungeiona, mke wangu. Mkaa ulienea kwenye mkoba wa saa," alisema Babu Saa. "Mjukuu wako anaota meno ya ukubwani. La kwanza limetoka na madoa. Nikasema yaliyobaki kwenye fizi tuyaokoe. Nilidhani nusu kwa nusu tutagawana, mkaa ni mkaa."

"Wa jikoni hukamata harufu, Babu," alisema Fundi. "Floridi unaiacha ipite."

"Na wavu ukaufunga vizuri," alisema Redio. "Ungeuacha na waya wake, nisingekupata."

"Ningeuachaje vile, mwanangu? Ulikuwa umelegea."

Mtu akacheka, akajizuia. Mjukuu akasogea mbele ya bibi yake akapanua mdomo, aonyeshe lile jino. Mama mwenye nyumba akainama, akamshika kidevu, akalitazama muda mrefu. Alipoinuka alimgeukia Fundi.

"Rudisha godoro lako chumbani. Nimekukosea, mwanangu. Na huo mkaa wa mifupa, utatuagizia wa mapipa mawili."

Kisha akabaki amesimama palepale, mguu mmoja uani, mmoja njiani, kama mtu asiyejua kama ana ruhusa. Binti yake alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. Ya zamani hakuyagusa.

"Mama, utasimama juani mpaka lini? Chakula nimeshaipua. Ingia ule."