Karatasi za H na O

Saa mbili asubuhi mwenye studio ya kuchora herufi alifungua kabati akakuta karatasi mbili hazipo. Saa mbili na dakika tano alikuwa kwenye simu na polisi. Saa tatu mfagizi, mwenye ufunguo wa pili, alikuwa mahabusu. Mambo chapuchapu.

Inspekta alifika saa nne. Alikuwa amemzika mumewe wiki tatu zilizopita, na tangu hapo hakusikia uchungu wala nafuu. Alikula kwa sababu saa ya kula ilifika, na kazi aliifanya vivyo hivyo. Mezani zilipangwa herufi ishirini na nne za penseli, nene, za mviringo, zimenona kama watoto walioshiba. Zilichorwa kwa ajili ya chupa za juisi, ili mnunuzi atabasamu. Inspekta hakutabasamu.

"Zimepotea zipi?"

"H na O," alisema mwenye studio. Vidole vyake vilikuwa safi kabisa. "Keshokutwa nakabidhi kazi, na sherehe juu. Yule mzee kaziona takataka, katupa."

"Kachomoa ya nane na ya kumi na tano, nyingine hajagusa?"

"Nitajuaje, afande?"

Dada yake mkubwa akaleta chai. "Huyu hunisaidia kufuta mistari tu," mwenye studio alieleza. Inspekta alipopokea kikombe aliona ukingo wa kiganja cha yule mama, mweusi tii kwa penseli.

Saa tano alivuka barabara kwa mpiga chapa, aliyekuwa akizingoja herufi hizo.

"Mimi niibe kazi ninayoisubiri?" mpiga chapa aling'aka. "Niko kwenye mashine tangu alfajiri, waulize vijana wangu hawa. Ila mwizi wako anaijua kazi. H inakupa unene wa nguzo za herufi, O inakupa mviringo wa matumbo yake. Ukiwa nazo hizo mbili, nyingine zote unazichora upya."

"Mfagizi anayajua hayo?"

"Yule? Kila siku ananiuliza kwa nini herufi zetu zina vitambi."

Saa sita Inspekta alirudi studio, akaweka karatasi tupu mbele ya mwenye studio. "Nichoree O."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Ilitoka kama kiazi. Akafuta, akachora tena. Kikawa kiazi kingine.

Inspekta akamgeukia dada mtu. "Mama, mfagizi yuko ndani tangu saa tatu."

"Ndani? Huyu kaniambia kampa likizo!" Yule mama aliinua mto wa kiti chake, akatoa karatasi mbili. "Nilizichukua mimi jana jioni. Zote ishirini na sita nimechora mimi. Kwenye mwaliko wa sherehe kaandika jina lake peke yake. Nilitaka aje aniulize. Basi."

"Ulijua ni yeye tangu ulipofungua kabati," Inspekta alimwambia mwenye studio.

Mwenye studio aliisukuma kando karatasi yenye kiazi. "Ningemtaja, watu wangeuliza amejuaje kuchagua H na O. Mfagizi hana wa kumuulizia."

Inspekta alisubiri hasira ije. Haikuja. Akapiga simu kituoni. "Mtoeni yule mzee, mmuombe radhi. Nakuja na aliyetoa taarifa ya uongo."

"Dada," mwenye studio aliita, mkono wa Inspekta ukiwa tayari begani mwake. "Sema kitu basi."

"Nimesema miaka tisa, mdogo wangu," alijibu dada yake. "Leo sina la kusema."