Mzee Anazima Tena

"Jamani, Mzee kazima tena!"

Kelele hiyo ilisikika kila alasiri katika nyumba ya fundi cherehani, mara tu watoto waliporudi kutoka shuleni, wakavua sare na kuosha vyombo. Mzee hakuwa mtu. Alikuwa mashine ya gemu, nyeusi, iliyopauka, ambayo mjomba wao aliwapa siku aliponunua mpya. Makao yake yalikuwa chini ya meza ya kukatia vitambaa, kwa kuwa sebule ya nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa karakana ya mama, na kila kitu kingine kilijibanza palipobaki.

Kumwasha Mzee ulikuwa ufundi wa peke yake. Unampiga kofi ubavuni, moja tu, maana la pili linamkasirisha. Unamwinua upande mmoja na kumwekea kabari ya ubao. Halafu unabonyeza na kunyamaza kimya. Feni yake huanza kuunguruma kama cherehani iliyokosa mafuta, picha inatokea kwenye runinga, gari lako linaondoka, unayapita magari yote, unauona mstari wa mwisho kwa macho yako mawili, kisha pap! Kioo cheusi. Ungekuwa wewe usingepiga kelele?

Aliyepiga kelele zaidi alikuwa binti wa nyumba hiyo, mwanafunzi wa darasa la sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mdogo wake wa darasa la tatu aliitwa Swali, na sababu ya jina hilo haihitaji kuelezwa.

"Dada, kwa nini anazima?"

"Kachoka."

"Kachoka na nini wakati anakaa tu?"

"Swali, niache!"

Chiriku alikuwa na sababu nyingine ya kuudhika. Mjomba alikuwa amewaahidi hivi: "Siku Mzee akikata roho, nitawaletea ile yangu mpya. Ila afe kifo chake mwenyewe, asisaidiwe." Chiriku aliisikia vizuri sana nusu ya kwanza. Tangu hapo alimtazama Mzee kwa jicho la mtu anayesubiri zamu yake kisimani. Lakini Mzee naye, kwa ukaidi wake, alizima leo na kesho akawaka. Afe hafi, apone haponi.

Siku moja pindo la kitambaa lilianguka kutoka mezani likafunika mgongo wa Mzee, mahali penye matundu ya kutolea joto. Akazima upesi kuliko siku zote. Chiriku akaliondoa, akampumzisha, Mzee akawaka. Akakaa akitafakari. "La kuvunda halina ubani," akajisemea. "Kama anakufa, si afe tukajua moja?"

Katika nyumba hiyo kulikuwa na sheria ya mama: kilicho mezani ni riziki yetu, kilicho sakafuni ni taka, aokote anayetaka. Swali aliitumia sheria hiyo vizuri. Likizo nzima alikuwa ameokota mabaki ya vitambaa, akayafunga na kuyafunga mpaka akapata mpira mzito unaodunda, uliosifiwa na wachezaji wote wa uwanjani. Basi Chiriku naye akainama, akaona kipande cha satini ya kijani karibu na mguu wa meza, akakiviringisha, akakishindilia ndani ya matundu ya Mzee. Mzee akawaka, akakohoa, akazima. Chiriku akambonyeza tena. Kimya.

"Mama!" akaita kwa sauti ya msiba. "Mzee ametutoka!"

Mama, mwenye pini mdomoni, hakuinua hata uso. "Mpigie mjomba wako. Mimi nina gauni la watu hapa."

Mjomba, aliyekuwa mtunza ghala sokoni, akasema angepita kesho jioni kumtazama marehemu. Chiriku alilala akitabasamu.

Kesho yake walirudi kutoka shuleni wakakuta sebule imepinduliwa. Makochi yalikuwa katikati ya chumba, mapipa ya mabaki yamemwagwa, na mama amepiga magoti chini ya cherehani huku tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Kola!" alisema kwa hasira. "Nimekata kola kwa mikono yangu hii miwili. Ya satini ya kijani. Nimeiweka hapa. Ina miguu? Iliamka ikaenda matembezini?"

Chiriku akatupa jicho chini ya meza, kwenye mgongo wa Mzee.

Gauni lile lilikuwa la jirani yao, muuguzi wa zahanati, ambaye Jumamosi hiyo wenzake wangemfanyia sherehe ya kumuaga kazini. Kitambaa alikileta mwenyewe, cha kumtosha tu, na madukani rangi ile ilikuwa imekwisha. Jioni hiyo angekuja kulijaribu.

"Swali!" Mama aliinuka. "Nani katika nyumba hii huokota vitambaa?"

"Mimi, lakini si…"

"Lete mpira."

"Mama, ule mpira hauna kijani."

"Nimesema lete!"

Mkasi mkubwa ukaingia kwenye mpira. Kwanza zikatoka kamba, halafu vipande vyekundu, vyeupe, vya maua, vya mistari, tabaka baada ya tabaka, kazi ya likizo nzima ikilala sakafuni kama manyoya ya kuku. Kijani hakikuonekana. Swali hakupiga kelele. Machozi yalimtoka tu, naye akiyafuta kwa kiganja na kukiangalia kiganja.

"Basi umeitupa," mama akasema, sauti yake nayo imeanza kutetemeka. "Muuguzi akija, utamwomba msamaha wewe mwenyewe. Nimechoka! Jina langu linaharibika kwa ajili ya michezo!"

"Mama, nitamwambia nini kama sikuchukua?"

Mama akaanza kusukuma makochi mahali pake. Chiriku alisimama pale pale kama aliyebandikwa gundi. Mdomo uliozoea kusema hata usingizini ulikuwa mkavu. Mara tatu aliinama ili akitoe kile kitambaa, na mara tatu mama aligeuka.

Hodi ikabishwa. Muuguzi akaingia, na nyuma yake, kama waliopangana, akaingia mjomba na bisibisi yake mfukoni. Watoto wakatoa shikamoo. Muuguzi alikwenda moja kwa moja kwenye gauni lililotundikwa dirishani, akaligusa kwa ncha za vidole.

"Unajua, fundi," alisema, "miaka yote nimevaa sare nyeupe. Hata harusi za watu nilikwenda nimetoka zamu. Hili ndilo gauni langu la kwanza la kushonewa mimi kama mimi." Akaangalia shingoni. "Ila sioni kola."

Mama akaivua tepu shingoni. "Kola imepotea, dada yangu. Sina la kujitetea. Swali, njoo hapa umwambie."

Swali akasogea, kichwa chini. Akafungua mdomo. "Naomba msamaha, bibi. Mimi nime…"

"Hajafanya kitu!" Chiriku alipayuka. "Ni mimi! Iko ndani ya Mzee!"

Wote wakamgeukia. Muuguzi akauliza kwa mshangao, "Ndani ya mzee gani?"

Chiriku alikuwa tayari chini ya meza, akivuta. Kola ikatoka imekunjamana, imejaa vumbi jeusi, na pembe yake moja imebabuka kwa joto. Maneno yakamtoka yote kwa mkupuo: ahadi ya mjomba, matundu, taka ya sakafuni. "Sikujua ni kola, Mama. Ilikuwa chini! Wewe mwenyewe ulisema kilicho sakafuni…"

"Nyamaza!" Mama aliketi kwenye kigoda kwa kishindo. "Usijifiche nyuma ya sheria yangu. Kuokota si kosa. Lakini ulipomwona mdogo wako anachaniwa mpira, sheria gani ilikufunga mdomo? Leo ndiyo siku umeamua kunyamaza, wewe? Wewe!"

Chiriku alikuwa ameshaanza kulia.

Mjomba akakohoa, akamvuta Mzee mezani na kumfungua kwa bisibisi. Kifuniko kilipotoka, muuguzi alisogea karibu kwa mazoea ya kazi. Ndani mlijaa nyuzi za kila rangi, pamba, mavumbi ya chaki na kifungo kimoja cha shati. Mjomba alizitoa nyuzi kwa vidole, akasafisha feni kwa brashi ya cherehani, akafunga na kuchomeka waya. Mzee akawaka bila kofi wala kabari. Feni yake ilivuma taratibu, mpaka Swali akainama kuhakikisha kama kweli inazunguka.

"Mjomba, kwa hiyo hafi?"

"Atakufa siku moja. Mitambo yote hufa. Ila si leo."

"Huyu hakuwa anakufa," muuguzi alisema akicheka. "Huyu alizibwa pua. Uzee si ugonjwa, wanangu. Mimi mwenyewe nastaafu Jumamosi, lakini mtu asije akaniziba pua."

Mama naye akacheka bila kutaka, akijifuta macho. Chiriku akamtazama mjomba kwa aibu. "Basi ile yako mpya hatuipati tena."

Mjomba akajikuna kisogo. "Ile… ilikufa mwezi uliopita. Niliipeleka kwa mafundi wawili, wote wakatikisa kichwa. Nilipoitwa kuja hapa, nilikuwa nasali Mzee apone ili nipate pa kuchezea."

Chiriku akabaki mdomo wazi. Ahadi iliyomfanya amzibe Mzee, amlize mdogo wake na kumwaibisha mama yake, ilikuwa imekwisha kuzikwa zamani.

"Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao walimjua Chiriku," mama alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia sasa. "Kilicho chako, hata kikiwa kikuukuu, kitunze. Na ukikosea, sema mapema, mwanangu. Ungesema alasiri, mpira ungekuwa mzima. Nami ningeuliza vizuri kabla ya kushika mkasi." Akamvuta Swali kifuani. "Mama naye amekosa. Nisamehe."

Upindo wa gauni ulikuwa mpana. Mama aliufumua akapata kitambaa cha kola nyingine, ndogo kidogo, na muuguzi aliapa kwamba hiyo ndiyo aliyoitaka tangu mwanzo.

Jioni ile Mzee hakuzima. Mjomba na Swali walishindana magari wakipiga makelele. Chiriku aliketi pembeni na sindano mkononi, akiufunga upya mpira wa mdogo wake, tabaka baada ya tabaka, na kama kiini chake akaiweka ile kola iliyobabuka. Sindano ikamchoma kidole.

"Aa! Mama, nimejichoma!"

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," mama akajibu kutoka kwenye cherehani. Halafu akageuka, akamtupia kastabini yake mwenyewe ya kukinga kidole. "Vaa hiyo. Na ukaze uzi, mwenye mpira anausubiri."