Paka Karani na Mpaka Wake

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Marsela alifagia uwanja na kumpa paka wake, Karani, makombo ya ugali na dagaa. Karani alikuwa dume mnono, na Marsela alimjivunia sana.

Mwaka huo wa 1974, serikali ilipokuwa ikikusanya watu vijijini, familia kadhaa zilihamia kijijini kwao, Magamba, zikitoka porini. Msichana aitwaye Emerensiana na wazazi wake wakajenga jirani na kina Marsela. Walikuja na paka mwembamba.

"Kapaka gani hako?" Marsela alibetua midomo. "Kamekonda kama nyie wenyewe!"

Emerensiana alimbeba paka wake, akaingia ndani.

Karani akaanza kumvizia mgeni. Alikwaruza nguzo, akakojolea mlango wa kina Marsela, akamfukuza mgeni hadi kwao. Marsela alicheka. "Mnaona? Hata Karani hawataki washamba!" Akawa anamwaga makombo katikati ya nyumba hizo mbili makusudi, ili paka wagombane.

Kisha Karani akakojolea gunia la mbegu za mahindi, ndani kabisa. Baba alifoka. "Jumamosi paka huyu nakwenda kumtupa porini!"

Marsela alimkimbilia Bwana Sixte, bwana mifugo aliyekuja kuchanja mbwa. "Shikamoo, bwana mifugo. Karani anaumwa. Anakojoa ndani."

"Marahaba. Haumwi huyo. Paka dume huacha harufu yake ili wenzake wajue hapa pana mwenyewe. Akiona mgeni kwenye chakula chake kila siku, wasiwasi humzidi, huweka alama hata ndani. Nani anawalisha pamoja?"

Marsela aliinama. "Mimi."

"Kazi nzuri!" alisema Bwana Sixte kwa kejeli. "Osha palipokojolewa. Kila paka ale kwao. Na uende mwenyewe ukaelewane na hao majirani."

Marsela alikwenda kwa kina Emerensiana. Emerensiana alimtazama kutoka juu hadi chini. "Umekuja kuona kapaka?"

"Nimekuja kuomba msamaha," Marsela alisema.

Emerensiana alimpakata paka wake. "Haya. Wangu nitamlishia nyuma ya jiko."

Marsela alisugua sakafu na mlango kwa sabuni, akahamishia chakula cha Karani ndani. Baba alikubali kusubiri. Polepole Karani akatulia, kila paka akabaki upande wake.

"Baba, Karani ameacha dharau!" Marsela alisema kwa furaha.

"Karani hajamdharau mtu, mwanangu," baba alijibu. "Alikuwa analinda mahali pake pa kula na kulala, basi. Dharau ilikuwa yako. Na nyumba iliyonuka ni yetu."