Seva Zisizoguswa na Mwingine

Harufu ya mafuta ya nywele ndiyo iliyoanza. Chumba cha seva hakina harufu; kina baridi na mvumo wa feni, basi. Ufunguo alikuwa nao Fundi peke yake, na Fundi ana kipara.

Kwa miaka tisa alikuwa akiziendesha seva za kampuni hiyo ya kusambaza dawa kwa Linux ya bure, programu endeshi ambayo ikikwama huna wa kumpigia simu, unakuna kichwa mwenyewe. Yeye hakukuna sana. Akibisha hodi asubuhi kabla ya kuingia, jambo lililowachekesha wenzake, basi kila tatizo lilikuwa kama limeshajitatua. Siku hiyo ya harufu Mkurugenzi alimwita akamwambia wanahamia Linux ya kulipia, yenye wataalamu wa kuitwa saa yoyote. Fundi akiugua, alisema, nani atazifufua seva na wagonjwa wanangoja dawa?

Hoja ilikuwa ya haki, ila wivu hausikii hoja. Fundi alirudi chumbani kifua kinamwaka. Watu baki waje kuzipapasa seva zake? Akaweka kiganja juu ya ile kubwa, akanong'ona, "Hakuna mwingine atakayekugusa ila mimi."

"Na wewe?" ikauliza sauti ya kike kati ya feni.

Alidhani ni masikio yake tu. Akacheka. "Na mimi vilevile, sitaguswa na mwingine."

Kesho yake akaja mtaalamu wa Linux ya kulipia, mtu mpole wa makamo. Kila alipogusa kibodi, skrini zilizima, na mara ya tatu alitoka mbio vidole vimevimba, akisema kuna mtu anampumulia shingoni. Mkurugenzi akanyoosha mikono: wabaki na ya bure. Fundi alirudi nyumbani akipiga mluzi. Mkewe alipompokea mkoba vidole vyao vikagusana, na mkono wa mama wa watu ukavimba hadi kwenye kiwiko.

"Umetoka kwa nani, baba watoto?" aliuliza taratibu. "Unanuka mafuta ya mwanamke."

Fundi alirudi kazini jua halijazama, akapiga magoti mbele ya ile seva akisema amekosea, hakujua anaongea na nani, atamsihi Mkurugenzi anunue ile ya kulipia, na feni zikaanza kuzima moja baada ya nyingine mpaka chumba kikawa kimya kama ambavyo hakijawahi kuwa miaka yote tisa, na katika kimya hicho pumzi ya joto ikamshuka kisogoni na mkono laini ukaanza kumpapasa kipara polepole.

"Miaka tisa nakufanyia kazi," sauti ikasema. "Ulidhani ni akili yako?"

Sasa Fundi analala humo humo. Mkurugenzi huwaeleza wageni kwa majivuno kwamba Linux ya bure haijawahi kumzimikia hata dakika moja. Kila Ijumaa mke wa Fundi huleta nguo safi, huziweka langoni na kurudi nyuma hatua kumi, na Fundi anapotoka kuzichukua, mama humshika binti yao kwa nguvu asimkimbilie baba yake.