Aliyeziba Bomba la Hita

Jirani ndiye aliyemkuta. Aliona maji yakitiririka kutoka bafuni hadi uani, akabisha hodi mpaka sauti ikamkauka, kisha akausukuma mlango. Mke wa nyumba ile alikuwa amelala sakafuni, hana fahamu, na maji ya moto yanaendelea kummwagikia. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Kituo cha polisi kikamtuma mpelelezi waliyempachika jina la Bi Kwanini, maana swali hilo halikumtoka mdomoni. Alipofika, mgonjwa alikuwa amekwisha kukimbizwa hospitali, na daktari akampigia simu: amevuta hewa yenye sumu, amezinduka, kesho ataruhusiwa kurudi nyumbani. Habari njema, lakini Bi Kwanini haikumtuliza. Kama kuna mtu humo ndani aliyemtakia mabaya, kesho angerudishwa mikononi mwake.

Hita ya gesi ilikuwa mpya, imetundikwa kwenye chumba cha kufulia kilichopakana na bafu. Bi Kwanini akazunguka nje, akapanda stuli, akachungulia mdomo wa bomba la kutolea moshi. Lo! Tambara, tena limesokomezwa barabara. Moshi ulikosa pa kutokea, ukarudi ndani hadi bafuni.

"Ni fundi huyo!" mume akafoka. "Mtieni ndani leo leo! Aliwahi kumchumbia mke wangu. Siku ya kuifunga hita alimchekea mpaka magego yakaonekana."

"Kwa nini ulimwita, basi?"

"Nilimwita mimi? Kamwita mwenyewe! Eti kwa kazi ya gesi jamaa hana mpinzani."

Fundi akaitwa, akaja na mkoba wake wa spana.

"Afande, mimi sikabidhi kazi hivi hivi," alisema. "Kila kiungo nilikipaka povu la sabuni, hakikutoka hata kiputo. Tundu la hewa nikaliacha wazi. Halafu nikaiwasha hita, nikamtoa bwana nje aweke mkono wake kwenye mdomo wa bomba, asikie joto la moshi. Mwenye nyumba asipoweka mkono, siondoki."

Bi Kwanini akamgeukia mume. "Uliweka?"

Mume akatazama viatu vyake. "Niliweka. Nusura niungue."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka afungwe."

Jamani, wivu! Mke yuko kitandani hospitali, na mume bado anahesabu vicheko vya fundi. Bi Kwanini alimkata jicho moja, akaendelea na kazi.

"Mara ya mwisho hita kufanya kazi vizuri ni lini?"

"Jana jioni, mke wangu alioga. Kisha nikafunga geti, na ufunguo nilikuwa nao mimi hadi asubuhi nilipotoka kwenda kazini, mke wangu akiwa anaingia kuoga."

Kwa hiyo tambara halikutoka nje ya geti. Na humo ndani walilala watatu tu: mume, mke, na dada wa mume.

Dada huyo, aliyekuwa sokoni wakati jirani akibisha, alikuwa akikunja khanga za mgonjwa, macho yamemvimba kwa kulia. "Wifi yangu akirudi nitamuuguza mwenyewe," alisema. "Hatashika hata kijiko."

"Dada yangu ana roho nzuri, afande," mume akadakia. "Amenilea tangu mama afariki. Hata leo kabla sijaenda kazini alinichemshia maji, akanipelekea ndoo bafu la uani."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini uchemshiwe maji jikoni, na hita mpya iko ukutani?"

Khanga ikamponyoka dada wa mume.

"Siiamini mimi hiyo hita," dada akasema.

"Wifi yako ulimwonya?"

Dada akavuta khanga nyingine, akaikunja.

"Ulimwepusha mmoja, ukamwacha mwingine aingie. Asubuhi ya leo, aliyejua kwamba hita itadhuru ni aliyeiziba tu."

Hapo dada akalipuka. "Miaka yote maji yake nimechemsha mimi! Anakuja huyu na hita yake, siku ya kwanza tu kaka anatoka bafuni anacheka, ananiambia, 'Sasa dada, pumzika.' Pumzika! Nimestaafishwa? Ndiyo, nilimwonea gere! Nilitaka izime tu, waione mbovu. Gesi si inanuka? Nilijua atanusa, atatoka."

"Inayonuka ni gesi ya mtungi ikivuja," fundi akasema taratibu. "Hewa ya sumu ya hita iliyozibwa huisikii puani."

"Sikujua! Wallahi sikujua!"

Kaka mtu akamsogelea. "Dada, kama ulidhani mtu atanusa na kutoka salama, mbona mimi hukuniacha nikaoga humo?"

"Wewe ni damu yangu."

"Na yeye?"

"Yeye ni mtu wa kuja tu."

Kaka akainama, akaiokota khanga ya mkewe sakafuni, akaikung'uta.

"Afande," alisema bila kumtazama dada yake, "mtoe huyu nyumbani kwangu. Mwenye nyumba anarudi kesho."