Sweta ya Mumbua

Mama mdogo Kasyoka aliolewa Kilungu. Habari hii alinisimulia mara mbili, miaka tofauti, na hakubadilisha neno.

Jumatano hiyo ilianza kama nyingine. Alichemsha uji, akamfuta jasho bintiye Mumbua, wa miaka minne. Kifua cha mtoto kilikuwa kibaya. Alikohoa mara mbili, kisha akavuta pumzi kwa mluzi mwembamba. Dawa za zahanati zilikuwa zimeshindwa. Yalibaki maombi.

Kanisani kwao, akina mama wa maombezi huombea nguo ya mgonjwa. Huletwa imefungwa ndani ya leso. Haifunguliwi, wala jina halitajwi. Husema Mungu anamjua mwenyewe. Kasyoka hangeweza kumwacha mtoto, kwa hivyo sweta alimpa mama mkwe wake, Mbinya.

"Mwaitu, mama yangu, waambie waombe sana."

"Wataomba. Kwani mimi sijui kulilia mtoto?"

Mbinya alikuwa amemzika mwanawe wa mwisho, Muli, baada ya Pasaka.

Alasiri, sauti zilivuka bonde kutoka kanisani. Bwana, rehemu. Mwinue. Mrudishe nyumbani. Kasyoka alipiga magoti kando ya kitanda, akaitikia amina kwa kila ombi. Mumbua akakohoa mara mbili.

Mluzi haukufuata.

Mbinya aliporudi, Kasyoka alimpokonya ile leso ili amfunike mtoto kwa sweta yake. Ndani mlikuwa na koti la Muli.

"Sweta iko wapi?"

"Chini ya mto wangu. Nyinyi bado vijana, mtapata mwingine. Mimi Muli nitampata wapi?"

"Mungu aliona si ya mtoto."

"Aliona," Mbinya alisema. "Na akasikia hivyo hivyo."

Akalichukua koti, akaingia chumbani mwake.

Mumbua alizikwa Jumamosi, kando ya Muli. Waliochimba walikuta kaburi la Muli limebonyea katikati. Wakasema ni mvua. Mvua haikuwa imenyesha tangu Pasaka.

Wiki iliyofuata Mbinya alianza kupakua sahani mbili na kwenda nazo chumbani. Zilirudi tupu. Mchana mmoja Kasyoka aliweka sikio mlangoni. Mtu alikuwa akitafuna. Polepole. Kisha akakohoa, sauti nzito ya mwanamume.

Mara mbili.

Kisha mluzi.

"Mwaitu," alinong'ona, "ni nani huyo?"

"Mgonjwa. Usimsumbue, ndiyo kwanza anaanza kupata nafuu."

Mbinya alifariki mwaka jana. Chumba kilipofunguliwa hakikuwa na mtu, na koti halikuonekana. Sweta ilikuwa chini ya mto, kama alivyosema. Kasyoka hakutaka kuiona, kwa hivyo naiweka mimi, pamoja na vitu vingine vya ukoo.

Ni sweta ya mtoto wa miaka minne. Mabega yamepanuka, viwiko vimepasuka, na ndani ya mikono kuna udongo mwekundu ambao haujakauka.

Kifuani ina joto.